Nani Aliyefaidika? Kifo cha Sextus Roscius na Ulimi wa Cicero

Katika nusu ya pili ya mwaka 81 KK, mzee mmoja aitwaye Sextus Roscius alikuwa akirejea kutoka karamuni jijini Roma, saa za mwanzo za usiku. Alipofika karibu na hamamu za Pallacina alivamiwa na kuuawa. Hakuwa peke yake: alifuatana na watumwa wake wawili, nao hawakuuawa. Ninamwomba msomaji asiwasahau wawili hao, kwa kuwa kesi iliyofuata iliwazunguka tangu mwanzo hadi mwisho bila ya kuwagusa.

Naisimulia kesi hiyo mbele ya watu waipendao lugha kwa sababu moja. Hapana ushahidi wa mauaji hayo uliosalia isipokuwa maneno. Hapana kisu wala kaburi wala daftari la mahakama. Kuna hotuba moja tu ya utetezi, iitwayo Pro Roscio Amerino, iliyotolewa mwaka 80 KK na kijana wa miaka 26 ambaye hiyo ndiyo ilikuwa kesi yake ya kwanza ya jinai. Jina lake Marcus Tullius Cicero. Karibu yote tunayoyajua juu ya kifo cha mzee Roscius tumeyapokea kutoka katika kinywa cha mlumbi aliyesimama ili ashinde, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mwamba ngoma huvuta kwake.

Lakini kwanza tuzitazame zama zenyewe. Sulla alikuwa ameitwaa Roma kwa upanga mwishoni mwa mwaka 82 KK, akajifanya dikteta, akatundika katika uwanja mkuu wa jiji orodha za majina. Aliyeonekana jina lake hapo damu yake ilikuwa halali. Yeyote angeweza kumuua na akalipwa; mali yake ilitwaliwa na kupigwa mnada; wanawe walizuiwa wasishike vyeo. Waroma waliliita jambo hilo proscriptio, na neno lenyewe linastahili kutazamwa, kwani hapo kabla lilikuwa neno la sokoni: maana yake ilikuwa tangazo la maandishi, kama lile abandikalo mtu anayeuza nyumba. Kutoka tangazo la nyumba hadi tangazo la roho ya mtu ni mwendo wa hatua moja tu katika lugha, na Roma iliupita katika msimu mmoja. Orodha zilitangazwa kufungwa tarehe 1 Juni, 81 KK. Mzee Roscius aliuawa miezi kadhaa baada ya tarehe hiyo.

Kwao ni Ameria, mji mdogo wa vilimani kaskazini ya Roma, ambao leo huitwa Amelia. Alikuwa mtu wa kwanza kwa utajiri na nasaba katika mji ule, rafiki wa nyumba kubwa za Roma, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe alikuwa upande wa masharifu, yaani upande wa Sulla mwenyewe. Hakujificha orodha zilipotundikwa. Alitembea uwanjani kila siku, watu wakimwona. Maadui aliokuwa nao hawakuwa wa kisiasa. Walikuwa wa kwao Ameria, tena wa jina moja la ukoo: Titus Roscius Magnus na Titus Roscius Capito, aliogombana nao miaka mingi kwa sababu ya mali.

Sasa tufuate nyayo za usiku ule kama Cicero alivyozichora. Mauaji yalitokea baada ya saa ya kwanza ya usiku. Kulipopambazuka, habari ilikuwa imekwisha kufika Ameria, maili 56 za Kirumi kutoka mahali pa tukio. Aliyeipeleka ni Mallius Glaucia, mtu fukara, mtumwa wa zamani aliyeachwa huru, naye alikuwa mfuasi wa Magnus. Alisafiri usiku kucha katika magari mepesi ya farasi yaliyokuwa yakibadilishwa njiani, akaukata mwendo huo wote kwa muda wa saa kumi. Na alipofika Ameria hakwenda kwa mwana wa marehemu, wala kwa mkewe. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Capito, adui wa marehemu, akiwa na silaha iliyotolewa mwilini muda mfupi uliopita.

Hapa Cicero hana haja ya kupaza sauti. Anauliza tu: haraka hii ya nini? Ni nani aliyeandaa farasi wa kubadilisha njiani katika giza, kwa habari ambayo hakuna aliyetarajiwa kuijua? Mtu asiye na jambo la kuficha hupeleka habari ya msiba kwa wafiwa. Nimesoma riwaya nyingi za upelelezi, za Kiswahili na za kwingineko, na ni chache ambazo mwandishi wake ameweza kuweka kidokezo kizuri kama hiki: si alama ya kidole wala tone la sumu, bali mlango uliobishwa usio wake.

Siku nne baadaye habari ilifika mbali zaidi, Volaterrae, ambako Sulla alikuwa kambini. Huko ilimfikia Chrysogonus. Huyu alikuwa mtumwa wa zamani wa Sulla, aliyeachwa huru akawa mwandani wake, na katika siku zile hakukuwa na kijana mwenye nguvu kuliko yeye mjini Roma. Aliarifiwa kwamba marehemu ameacha mashamba 13, karibu yote yakipakana na mto Tiber, na kwamba mwanawe ni mtu wa shamba asiyejulikana mjini, ambaye kumwondoa si kazi. Ikafanywa shirika. Jina la mzee Roscius likaingizwa katika orodha iliyokuwa imefungwa, mali yake ikauzwa, na mnunuzi akawa Chrysogonus. Thamani ya mali ilikuwa sesterti milioni 6. Bei aliyolipa ni sesterti 2,000. Msomaji akitaka kuipima bei hiyo kwa sarafu anayoijua kwa jina, sesterti 4 zilifanya dinari moja, dinari ile ile iliyotufikia sisi kwa njia ya Kiarabu. Basi mashamba 13 ya bonde la Tiber yalikwenda kwa dinari 500. Capito alipewa matatu kati ya hayo. Magnus akawa msimamizi wa yaliyobaki. Mwana wa marehemu, aliyeitwa pia Sextus Roscius kama babake, alitolewa nyumbani kabla hajamaliza taratibu za maziko.

Watu wa Ameria walighadhibika. Walituma wazee kumi wa mji waende kambini wakamweleze Sulla kwamba marehemu alikuwa mtu wake na kwamba jambo hili ni dhuluma. Walifanya hivyo kwa nia njema, ila katika wale kumi alikuwamo Capito. Kikulacho ki nguoni mwako. Kabla hawajamfikia Sulla, Chrysogonus mwenyewe aliwaendea akawasihi wasiende mbele, akaahidi kulifuta jina na kurudisha mashamba. Capito akamdhamini kwa ahadi. Wazee wale, watu wa zamani walioamini ahadi, wakarudi makwao bila ya kumwona Sulla. Hakuna shamba lililorudi. Kisha maisha ya mwana yakaanza kuwindwa, akakimbilia Roma, nyumbani kwa Caecilia, mwanamke wa ukoo mkuu wa Metelli, rafiki wa babake, aliyempa hifadhi na chakula.

Waliposhindwa kumuua kwa kisu walijaribu kumuua kwa sheria. Walimshitaki kwamba yeye ndiye aliyemuua babake.

Kumuua mzazi kulikuwa kwa Waroma kosa lisilo na mfano, na adhabu yake haikuwa na mfano vilevile. Mwenye hatia alishonwa ndani ya gunia akiwa hai na kutupwa majini. Sheria za zama za baadaye zinataja pia wanyama waliofungiwa naye humo, mbwa na jogoo na nyoka na nyani, ingawa Cicero anataja gunia tu. Mahakama ya mauaji ilikuwa imepangwa upya na Sulla, maseneta ndio waliokaa kama waamuzi, na kesi hii ilikuwa ya kwanza ya namna yake kusikilizwa baada ya muda mrefu. Mawakili wakubwa waliketi pale wakinyamaza. Cicero anaanza hotuba yake kwa kueleza ukimya wao: kwamba mwenye jina kubwa akisema neno, neno hilo hubebwa na kukuzwa, lakini kijana asiyejulikana anaweza kusema yaliyo hatari, akasamehewa kwa ujana wake au akasahauliwa kwa udogo wake. Ni unyenyekevu, na ni ujanja. Mlango alioupitia ni mwembamba kiasi hicho.

Na hatari ilikuwa wapi hasa? Ilikuwa katika jambo ambalo mshitaki, Erucius, hakulitaja hata kwa neno moja: kuuzwa kwa mali. Fikiri nami, msomaji. Ikiwa mzee Roscius aliuawa akiwa mtu aliyeorodheshwa, basi kumuua halikuwa kosa, na hapana wa kushitakiwa. Ikiwa hakuorodheshwa, kosa la mauaji lipo, lakini mali yake iliuzwa kwa haki gani? Mashitaka na mnada haviwezi kuwa halali vyote viwili. Aliyeshika mashamba hakuweza kusimama na mguu mmoja hapa na mwingine kule isipokuwa kwa sharti moja, kwamba kila mtu mahakamani anyamaze. Nao walitegemea kwamba watanyamaza, maana kulitaja shamba ni kumtaja Chrysogonus, na kumtaja Chrysogonus ni kumgusa Sulla.

Cicero anasimulia jinsi Erucius alivyokuwa ametulia. Alikwisha kumaliza hotuba yake, akaketi, akawa anatembeatembea na kutania, hata akamwita mtumwa, kwa dhana ya Cicero, ili aagize chakula cha jioni. Aliposikia kijana yule analitamka jina la Chrysogonus aliinuka wima kana kwamba amechomwa. Wajumbe wakaanza kupiga mbio kutoka barazani kwenda kuarifu kwamba kuna mtu Roma aliyethubutu.

Nadhani hapa ndipo wapenzi wa lugha wanapopaswa kuketi kwa muda mrefu zaidi. Kitendo kilichoigeuza kesi hii ni kutamka jina. Cicero analirudia jina hilo mara kwa mara, tena analichezea: Chrysogonus kwa Kigiriki lina dhahabu ndani yake, ni kama kusema mzaliwa wa dhahabu, naye anaposema sasa ninalifikia jina hilo la dhahabu, kila aliyejua Kigiriki barazani alielewa kwamba dhahabu inayosemwa si ya jina tu. Kisha anaipeleka mahakama nyumbani kwa mtu huyo kwenye kilima cha Palatino. Anavitaja vyombo vya shaba ya Korintho, mazulia, sanamu, na chombo kimoja cha kupikia kilichonunuliwa mnadani kwa bei ambayo wapita njia, walipomsikia dalali akiihesabu, walidhani ni shamba linalouzwa. Chombo cha kupikia kwa bei ya shamba, na mashamba 13 kwa bei ya kichekesho. Cicero haviweki viwili hivyo karibu karibu. Ameviacha mbali katika hotuba, msikilizaji aviunganishe mwenyewe. Washairi wetu wa mafumbo wangeitambua mbinu hiyo mara moja.

Na Sulla je? Kwa Sulla anatumia lugha nyingine kabisa. Anamsifu. Anasema mtu anayeubeba ulimwengu mzima peke yake hawezi kuona kila afanyalo mtumishi wake, na kwamba hata Jupiter, atawalaye mbingu na nchi, hupitisha dhoruba au jua kali likadhuru watu bila ya yeye kukusudia. Ni sifa ambayo ukiigeuza upande wa pili ina makali: mtawala ama hakuona, ama aliona akaacha. Cicero anamfungulia Sulla mlango wa kwanza na kumwomba kwa adabu apite huko.

Upande wa mashitaka yenyewe haukuwa na mengi. Erucius alidai kwamba baba alimchukia mwana, ndiyo sababu akamtupa mashambani na kukusudia kumnyima urithi. Cicero anajibu kwamba katika Ameria kumkabidhi mwana mashamba ni heshima wala si adhabu, na kwamba mshitakiwa, mtu wa zaidi ya miaka 40, hakuwa na madeni, hakuhudhuria karamu, hakuwa na sababu. Anamuuliza Erucius: alimuua vipi? Kwa mkono wake? Hakuwa Roma. Kwa mkono wa wengine? Wakina nani, aliwapata wapi, aliwalipa nini? Maswali yanamiminika na hayangoji jibu. Sisi huyaita maswali ya balagha, na mara nyingi huwa ni mapambo. Hapa kila swali ni tundu katika mashitaka, na mshitaki anatakiwa aliangalie.

Katikati ya hayo anatia kisa kingine kifupi, ambacho mimi nakipenda kuliko sehemu zake zilizosifiwa zaidi. Miaka michache kabla, huko Tarracina, mtu mmoja aitwaye Titus Cloelius alikwenda kulala baada ya chakula cha usiku katika chumba kimoja na wanawe wawili vijana. Asubuhi alikutwa amechinjwa. Hakupatikana mtumwa wala mtu huru wa kushukiwa. Wana walishitakiwa, nao wakaachiwa, kwa sababu mlango ulipofunguliwa walikutwa wamelala fofofo. Waamuzi waliona kwamba hapana mtu awezaye kumchinja babake kisha akapata usingizi. Usingizi ukawa shahidi. Sijui msomaji wa leo angeridhika na ushahidi huo. Wa kwao waliridhika.

Kuna kipande kingine, juu ya gunia, ambamo kijana Cicero aliachia farasi wake wote. Anaeleza jinsi wahenga wa Roma walivyomtenga muuaji wa mzazi na mbingu, jua, maji na ardhi, vitu ambavyo kila kiumbe anashiriki bure. Watu walishangilia sana. Miaka mingi baadaye, akiwa mzee, Cicero alikirejea kipande hicho katika kitabu chake Orator, akakiri kwamba kilikuwa cha ujana, povu lake lilikuwa halijashuka. Kila mtunzi mwenye daftari la zamani ndani ya sanduku anakijua kicheko hicho.

Sasa tulifikie swali lililoibeba hotuba. Cicero analitaja kwa heshima jina la hakimu wa kale, Lucius Cassius, aliyekuwa na desturi ya kuuliza katika kila kesi: jambo hili lilimfaidi nani? Kwa Kilatini ni maneno mawili, cui bono, na yameishi hadi leo katika lugha nyingi. Cicero analiweka swali hilo mbele ya waamuzi na kuwataka watazame: upande mmoja mtu aliyepoteza baba, nyumba, mashamba hata sehemu ya kumzikia mzazi wake, upande wa pili watu walioamka maskini wakalala matajiri. Magnus alikuwa Roma usiku ule, mjumbe alikuwa wa Magnus, habari ilikwenda kwa Capito, mashamba yakaenda kwa wote wawili.

Hoja ni nzuri. Hata hivyo imenisumbua, na ninaona haya kuipita bila ya kusema. Swali la Cassius hukata pande mbili. Kabla ya Chrysogonus kuingia, aliyekuwa na faida kubwa kuliko wote katika kifo cha mzee Roscius alikuwa mwanawe, mrithi wake pekee aliyebaki hai. Kwamba baadaye alinyang'anywa urithi hakuthibitishi kwamba siku ya mauaji hakuutaraji. Tena, kulingana na hotuba yenyewe, Chrysogonus aliarifiwa siku nne baada ya kifo. Basi mali ilinyakuliwa na watu walioiona nafasi, na mwenye kuona nafasi si lazima awe ndiye aliyeitengeneza. Roma ya mwaka ule ilijaa visu. Mzee aliyetoka karamuni gizani na watumwa wawili angeweza kuuawa na mtu ambaye hakujua hata jina lake. Hata safari ya Glaucia, kidokezo nilichokisifu hapo juu, tunaijua kwa kauli ya Cicero peke yake.

Hotuba ya Erucius haikutufikia. Wasomaji wa mashairi ya vita vya Kuduhu, ambamo Mombasa na Lamu zilirushiana beti kabla na baada ya kurushiana risasi, wanajua inavyokuwa tunapozisikia sauti mbili: jibu linauonyesha udhaifu wa swali, na swali linaonyesha jibu lilikwepa nini. Katika kesi ya Roscius tumebakiwa na malenga mmoja. Na kwa kuwa hotuba iliandikwa na kusambazwa na mwenyewe, hatuwezi kuwa na hakika kwamba kila neno la ujasiri lililomo ndani yake lilitamkwa siku ile, Sulla akiwa hai.

Mwana wa Roscius aliachiwa. Ushindi huo ulimfanya Cicero kuwa wakili ambaye watu wa kila aina walimkimbilia. Mwaka 79 KK aliondoka kwenda Ugiriki na Asia. Yeye mwenyewe anasema ni kwa ajili ya afya na kuirekebisha sauti yake, ilhali Plutarko, aliyeandika zaidi ya miaka 150 baadaye, anasema alimhofia Sulla. Katika zama zetu mwandishi wa Marekani Steven Saylor ameijenga juu ya kesi hii riwaya yake ya upelelezi Roman Blood, iliyotoka mwaka 1991, na humo mpelelezi wa kubuni anatafuta yale ambayo hotuba imeyaacha.

Na hotuba imeacha jambo kubwa. Cicero anatamka wazi kwamba mteja wake haombi mashamba yarudi. Anaomba uhai tu. Chrysogonus na abaki na mali, amwachie mtu roho yake. Wakili aliyekwisha kuthibitisha kwamba mnada ulikuwa batili anakomea hapo kwa hiari, kwa kuwa anajua mwisho wa ukumbi aliopewa. Hakuna mahali tunaposoma kwamba Roscius alilipata tena hata moja kati ya mashamba 13.

Tuwarudie watumwa wawili. Wao peke yao walikuwepo. Sheria ya Roma iliukubali ushahidi wa mtumwa kwa njia ya mateso tu, na kwa ridhaa ya mwenye mtumwa. Mwana aliwaomba mara nyingi watolewe wahojiwe, mbele ya mashahidi wa koo kubwa, akijua vyema kuhojiwa huko maana yake nini kwa miili yao. Ombi hilo Cicero hana neno la kulionea aibu. Magnus alikataa. Na wangetolewaje na mshitakiwa, wakati wao nao walikuwa sehemu ya mali iliyonunuliwa kwa sesterti 2,000?

Mimi nakiona kidokezo hiki kuwa kizito kuliko safari ya usiku. Kama wawili wale wangekuwa na neno lolote la kumfunga mwana, mwenye kuwamiliki alikuwa na kila sababu ya kuwaleta mahakamani, na hakuwaleta. Alichokuwa akikilinda kwa kuwaficha hatukijui. Kwamba alikuwa akikilinda, hilo karibu sina shaka nalo. Cicero anasema walikuwa nyumbani kwa Chrysogonus, wakipendwa na kutunzwa, na anauliza kwa kejeli ikiwa huko wanafundishwa sanaa na adabu za kifahari, watumwa wale wa mzee wa Ameria.

Kesi iliposikilizwa walikuwa huko kilimani, mwendo mfupi kutoka barazani, katika nyumba yenye shaba ya Korintho na chombo cha kupikia cha bei ya shamba. Hotuba nzima, iliyohifadhi majina ya mshitaki, ya rafiki, ya mjumbe na hata ya marehemu wa Tarracina, haikuwataja kwa majina.